Programu Zinazoandikwa kwa Kalamu

Mtahiniwa wa somo la Kompyuta katika mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, KCSE, hufungua karatasi ya kwanza akijua kwamba swali la 16 halikwepeki. Sehemu ya pili humruhusu kuchagua maswali mengine matatu, lakini hilo ni la lazima, lina alama 15, na kwa kawaida ndilo linalogusa uandishi wa programu. Atapewa tatizo, tuseme kukokotoa riba ya mkopo au kupanga madaraja ya wanafunzi, kisha ataagizwa kuandika hatua za kulitatua na kuchora chati ya mtiririko: mstatili kwa hesabu, msambamba kwa taarifa zinazoingia na kutoka, almasi kwa uamuzi wa ndiyo au la. Vifaa vyake ni kalamu, penseli na rula. Kompyuta haimo chumbani. Iwapo programu yake ingefanya kazi au ingekwama mstari wa tatu, yeye hatajua. Hilo ataliamua msahihishaji.

Kenya haiko peke yake katika jambo hili. Hata mitihani ya Cambridge inayofanywa na shule za kimataifa za Nairobi na Dar es Salaam bado humtaka mtahiniwa aandike programu kwenye karatasi. Mtihani wa kalamu ni nafuu kuuendesha, hauogopi umeme kukatika, na shule yenye mashine mbovu haionewi. Sababu hizo zina uzito. Lakini mtihani ndio unaoamua kinachofundishwa, na mwanafunzi anayetahiniwa kwa kalamu huandaliwa kwa kalamu. Ndiyo maana mjadala wa kompyuta mashuleni, ambao Afrika Mashariki umekuwa ukizunguka idadi ya mashine kwa zaidi ya miaka ishirini, umeacha swali zito kando: katika muhula mzima, ni saa ngapi mwanafunzi anaandika programu yake mwenyewe, anaiendesha, inakataa, naye anaitengeneza mpaka ikubali? Na nani anakaa naye saa hizo?

Historia ya eneo hili na kompyuta haikuanza vibaya. Tanzania ilipata mashine yake ya kwanza mwaka 1965, ikafungwa Wizara ya Fedha. Mwaka 1974, baada ya mradi wa kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta kuvurugika, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Zuio lile lililegezwa taratibu, lakini kizazi kizima cha walimu kilisomeshwa vyuoni bila kugusa kibodi, na hao ndio waliokuwa madarasani somo hili lilipoingia katika shule za sekondari za Tanzania, kama lilivyoingia za Kenya, katika miaka ya 1990. Sera ya taifa ya teknolojia ya habari na mawasiliano, TEHAMA, ya Tanzania ilitoka mwaka 2003, na ile mahususi ya elimu ya msingi na sekondari ikafuata mwaka 2007.

Muhtasari uliotumika Kenya kwa miaka mingi chini ya mfumo wa elimu wa 8-4-4 unaonyesha vizuri mzani ulipolalia. Kidato cha kwanza ni sehemu za kompyuta na mfumo endeshi. Kidato cha pili ni kuchapa nyaraka, majedwali ya hesabu, hifadhidata, uchapishaji na intaneti. Uandishi wa programu unatokea kidato cha tatu, ukibanwa katikati ya mfumo wa namba za jozi na uundaji wa mifumo. Kidato cha nne ni mitandao, matumizi ya TEHAMA na ajira zake. Mwanafunzi anatoka akiwa na ujuzi wa maana wa ofisi, ujuzi ambao vijana wengi wameutumia kufungua vibanda vya kuchapa na kutoa nakala, na hilo lisidharauliwe. Ila kutumia programu zilizoandikwa na wengine ni kazi moja, na kuandika programu ni nyingine. Somo moja limebeba zote mbili, na ya pili imekuwa mgeni.

Uingereza ilikutana na tatizo hilohilo, na kwa kuwa yaliyotokea huko yaliandikwa na kupimwa, yanafaa kuangaliwa kwa utulivu. Mwaka 1981 nchi hiyo ilikuwa na BBC Micro, kompyuta ya shule ambayo ukiiwasha ilikuwa tayari kupokea amri za BASIC, lugha iliyobuniwa na John Kemeny na Thomas Kurtz katika chuo cha Dartmouth, Marekani, mwaka 1964. Kufikia miaka ya 2000 somo lilikuwa limegeuka kuwa mazoezi ya kuchapa barua na kupamba slaidi. Eben Upton wa Cambridge aliona waombaji wa shahada ya kompyuta wakipungua, tena wakija hawajawahi kuandika programu. Yeye na wenzake wakaunda Raspberry Pi, kompyuta ya bei ndogo inayoenea kiganjani, iliyotoka mwaka 2012. Mwaka huohuo jumuiya ya wanasayansi ya Royal Society ilitoa ripoti kali kuhusu hali ya somo, na mwaka 2014 England ikabadilisha mtaala: uandishi wa programu ukaanza tangu darasa la kwanza.

Kilichofuata ndicho chenye fundisho. Mwaka 2017 Royal Society ilirudi kupima na kukuta kwamba zaidi ya nusu ya shule za sekondari za England hazikuwa na somo la Sayansi ya Kompyuta katika mtihani wa GCSE, kwamba wasichana walikuwa kama mmoja kati ya watahiniwa watano, na kwamba walimu wengi walikabidhiwa somo wasilolijua bila kusaidiwa. Nchi yenye umeme usiokatika, maabara na intaneti ilikwama kwenye mwalimu. Serikali ikatenga pauni milioni 84, na shabaha yake kubwa ikawa kuwapa mafunzo walimu 8,000.

Afrika Mashariki imekwenda kwa mguu mwingine. Kampeni za uchaguzi wa Kenya za mwaka 2013 ziliahidi kompyuta mpakato kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Ahadi ikageuka tabuleti, zilizoanza kufika shuleni mwaka 2016, na hatimaye vifaa zaidi ya milioni moja viligawiwa katika shule za msingi zaidi ya 20,000. Hakuna nchi jirani iliyogawa kwa wingi huo. Hata hivyo mpango ulilenga shule za msingi, na sekondari, mahali ambapo mtoto ana hisabati ya kutosha kuandika programu ya maana, ziliachwa zijitegemee kwa wafadhili na kamati za wazazi. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, KICD, iliidhinisha mtaala wa uandishi wa programu wa kampuni ya Kodris Africa kwa shule za msingi na sekondari. Mwaka uliofuata sekondari ya chini ilifunguliwa chini ya mtaala mpya, Sayansi ya Kompyuta ikiwa somo la hiari. Mwaka 2024 masomo yalipopunguzwa, likaunganishwa na Masomo ya Awali ya Kiufundi. Kundi la kwanza la mtaala huo limeingia Gredi ya 10 Januari 2026, ambako Kompyuta ni somo la kuchagua katika mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Ndani ya miaka mitatu somo limesimama peke yake, limemezwa, limezuka tena. Mwalimu anayejiandaa kwa moyo wote hupoteza nguvu zake katika mzunguko kama huo.

Uganda ilitumia mbinu ambayo haisifiwi vya kutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 iliamua kwamba kila mwanafunzi wa kidato cha tano na sita, hata wa Historia au Uchumi, achukue somo dogo mojawapo kati ya Hisabati na TEHAMA. Agizo hilo la ratiba lilizilazimisha shule kutafuta maabara na walimu, kwa sababu bila hivyo wanafunzi wangekosa alama za kuingilia chuo kikuu. Maudhui yake yameegemea matumizi zaidi kuliko uandishi wa programu, na huo ndio udhaifu wake. Rwanda ikachukua njia ya kilele: mwaka 2019 ilifungua Rwanda Coding Academy wilayani Nyabihu, shule ya bweni ya miaka mitatu inayopokea wanafunzi waliofaulu vizuri sana na kuwafundisha uandishi wa programu na mifumo ya kielektroniki. Kundi la kwanza lilikuwa na wanafunzi 60. Ni shule nzuri, na nchi ndogo ina haki ya kuwekeza kwa wachache. Lakini shule ya aina hiyo haijibu swali la mwanafunzi wa sekondari ya kata.

Tanzania nayo inabadilisha. Sekondari ya kawaida imekuwa na somo la TEHAMA na Kompyuta lenye mtihani wa Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, na kidato cha tano na sita kina Sayansi ya Kompyuta inayounganishwa na Fizikia na Hisabati katika tahasusi ya PMC. Mtaala mpya unaotekelezwa kwa awamu tangu 2024 umeongeza mkondo wa amali, na fani za TEHAMA zimo. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umekuwa ukipeleka kompyuta shuleni na kugharimia mafunzo ya walimu. Zipo shule zilizofaidika kweli. Nyingi bado hazifundishi somo hili kabisa.

Je, inafaa kuhangaika hivyo? Kuna dai lililozoeleka kwamba kuandika programu humfanya mtoto awe na akili kali katika kila jambo. Chimbuko lake ni Seymour Papert wa MIT, ambaye mwaka 1967 alishiriki kubuni lugha ya Logo na baadaye, katika kitabu chake cha 1980, akasisitiza kwamba mtoto ndiye aiamrishe kompyuta, si kompyuta imwamrishe mtoto. Fikra hiyo ni ya thamani. Lakini katikati ya miaka ya 1980 watafiti Roy Pea na Midian Kurland waliwapima watoto waliojifunza Logo wakakuta hawakuwa wapangaji bora kuliko wenzao katika kazi nyingine. Uandishi wa programu haugeuzi ubongo kwa miujiza. Unachofundisha ni kitu chenye mipaka, na kinaonekana vizuri zaidi mtu akikitazama kwa karibu.

Tuchukue programu fupi ya kidato cha tatu. Darasa lina wanafunzi 40, na programu inatakiwa kujumlisha alama zao za Hisabati na kutoa wastani. Mwanafunzi anaanzisha jina moja, jumla, analipatia thamani ya 0, kisha anaandika kitanzi cha lugha ya Python kwa amri ya range(1, 40) ili kompyuta izunguke kuanzia mwanafunzi wa kwanza hadi wa mwisho. Programu inaenda bila kulalamika. Jibu linatoka. Tatizo ni kwamba Python huanza na namba ya kwanza na kusimama kabla ya kufikia ile ya pili. Mzunguko umeishia 39, alama za mwanafunzi wa 40 hazikuguswa, ilhali jumla imegawanywa kwa 40. Wastani umeshuka kidogo tu, kiasi kwamba yeyote angeuamini. Anayegundua kosa ni yule aliyejaribu kwanza kwa namba rahisi: akampa kila mwanafunzi alama 50, akatarajia wastani wa 50, akaona 48.75.

Hiyo tabia ya kutoamini jibu kwa sababu tu limetoka kwenye mashine ndiyo somo lenyewe. Haipatikani kwa rula na penseli, kwa kuwa karatasi haimrudishii mtu 48.75. Inapatikana kwa kukosea mbele ya skrini mara nyingi, na kosa linapatikana bila fedheha, kwa kuwa mashine haimcheki mtu wala haimwiti mzembe mbele ya wenzake. Na kijana aliyezoea kupima hivyo ataihitaji tabia hiyo benki, hospitalini, ofisi ya mipango au duka la jumla, hata kama hataandika programu tena maishani.

Kuna wanaosema sasa kazi hiyo itafanywa na akili mnemba. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, mwanafunzi anaweza kuomba programu ya wastani wa alama akaipata kabla hajamaliza kuvuta kiti. Hoja hii inastahili jibu la kweli. Programu zinazoandikwa na mashine mara nyingi ni sahihi, na mara nyingine zina kosa la aina ileile ya mwanafunzi wa 40, limeandikwa kwa unadhifu mkubwa. Asiyewahi kuandika kitanzi hawezi kuliona. Kinachobadilika ni uzito wa mafunzo: kukariri sarufi ya lugha kunapungua thamani, kusoma programu ya mwingine na kuipima kunapanda. Mtihani wa kuandika hatua kwenye karatasi na kuchora almasi unazidi kupitwa.

Wapo vijana walioonyesha yawezekanayo. Mwaka 2017 wasichana watano wa Kisumu Girls' High School, waliojiita The Restorers, walikwenda California kushindana katika Technovation na programu yao ya simu iitwayo i-Cut, inayomwezesha msichana aliye katika hatari ya kukeketwa kuomba msaada na kuunganishwa na huduma za tiba na sheria. Mwaka 2019 walikuwa miongoni mwa waliofika hatua ya mwisho ya tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya. Dar es Salaam, taasisi ya Apps and Girls iliyoanzishwa mwaka 2013 na Carolyne Ekyarisiima imekuwa ikifungua klabu za wasichana mashuleni na kuwafundisha kuunda tovuti na programu za simu. Wasichana hawa hawakukosa uwezo wala hamu, kinyume cha inavyodhaniwa katika shule nyingi ambako Kompyuta huhesabiwa somo la wavulana. Lakini kazi kubwa ilifanyika klabuni na kwenye mashindano, kwa msaada wa watu wa nje. Ratiba rasmi ya shule haikuwa na nafasi yake.

Na ratiba ndiyo inayohitaji hesabu. Tuseme darasa lina wanafunzi 45 na chumba cha kompyuta kina mashine 15 zinazofanya kazi. Ni watatu kwa mashine moja. Kipindi ni dakika 40, kwa hiyo kila mmoja anashika kibodi dakika 13, kabla ya kuondoa za kuingia, kuwasha na kutafuta faili. Kwa vipindi vitatu vya wiki haifiki saa moja, na hapo hatujahesabu siku ambayo umeme haukuwepo. Sasa chukua chumba hicho hicho, na mashine zile zile, ukifungue saa mbili kila jioni kwa siku tano. Hizo ni saa 150 za mashine, na kila mwanafunzi wa darasa hilo anapata zaidi ya saa tatu peke yake. Hakuna shilingi iliyotumika kununua kompyuta. Lugha za Python na Scratch ni bure, zinawekwa mara moja na kufanya kazi bila intaneti, hata kwenye mashine za zamani ambazo ofisi za mijini zimeziacha.

Kinachozuia ni mlango wa nondo wenye kufuli mbili. Mkuu wa shule anaogopa wizi, na hofu yake ina sababu: kompyuta zimeibwa shule nyingi, na anayeulizwa ni yeye. Mwalimu wa Kompyuta naye mara nyingi ni mmoja, ana Fizikia au Hisabati juu yake, na kwa kuwa ndiye anayejua mashine, ofisi humwita kuchapa mitihani, kurekebisha printa na kuingiza taarifa za wanafunzi kwenye mifumo ya serikali. Jioni amechoka. Akipata kazi kampuni ya simu, anaondoka, na somo linakufa shuleni kimyakimya mpaka apatikane mwingine.

Lugha nayo inaongeza mzigo, hasa Tanzania, ambako mtoto anayetoka shule ya msingi ya serikali hukutana na Kiingereza cha kufundishia kidato cha kwanza. Amri za Python ni chache na hujifunzwa haraka. Kigumu ni maelezo ya kwa nini kitanzi kimesimama mapema. Mwalimu hodari hueleza hilo kwa Kiswahili na kuwaachia wanafunzi waite vigeu vyao jumla, wastani na deni. Mashine haijali, na mtoto anaelewa anachokifanya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishaonyesha tangu Desemba 2004, kilipotoa Jambo OpenOffice kupitia mradi wa Kilinux, kwamba programu kamili ya ofisi inaweza kuzungumza Kiswahili. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, vitabu vya Kiswahili vya kujifunzia Python kwa ngazi ya sekondari vingepaswa kuwa vimejaa rafu. Taasisi ya Elimu Tanzania ina uwezo wa kuviandikisha.

Baraza la mitihani la kila nchi nalo lina uwezo wa kufanya jambo moja la haraka bila kusubiri maabara za kisasa: kuipa uzito zaidi kazi ya mradi. KCSE tayari ina karatasi ya tatu, ambapo mtahiniwa huunda mfumo wake kwa miezi kadhaa na kuwasilisha hatua zake. Mradi huo ungeweza kusindikizwa na mahojiano mafupi, mwanafunzi akaulizwa abadilishe mstari mmoja mbele ya msahihishaji na kueleza kitakachotokea. Aliyenunua mradi kwa mtu au aliyeuomba kwa mashine atajulikana katika dakika tano.

Mwenye nia ya kuichangia shule aliyosoma, na watu wa namna hiyo ni wengi na wana moyo, asianze kwa kununua kompyuta ya kumi na sita. Aulize kwanza ufunguo wa chumba unakaa kwa nani, chumba kinafunguliwa saa ngapi, na mwalimu wa somo alipata mafunzo mara ya mwisho lini. Kisha alipie mlinzi wa jioni, posho ya mwalimu anayebaki na wanafunzi, na mafunzo yake ya likizo ya Desemba. Mashine zitafuata.